Kuhama kutoka Arduino Uno kwenda ESP32: bodi ndiyo iliyonigharimu kidogo kuliko vyote

Mradi wangu ni wa kumwagilia bustani: sensa ya unyevu wa udongo, pampu inayowashwa na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), na sensa ya HC-SR04 inayopima maji kwenye tangi. Kwa miaka 2 ulifanya kazi kwenye Arduino Uno, bodi ndogo unayoiandikia programu ya kuendesha vifaa, bila kunisumbua. Nilitaka kitu kimoja tu cha ziada, kuona kiwango cha maji kwenye simu, na Uno haina Wi-Fi. Nikanunua ESP32, bodi ya aina hiyohiyo yenye Wi-Fi, nikiamini nitamaliza jioni moja. Zilikwenda jioni 11.

Kwa nguvu, bodi hizi hazilingani hata kidogo. Uno ina RAM ya KB 2 na mwendo wa MHz 16. ESP32 ina KB 520, viini viwili na mwendo unaofika MHz 240. Bei nayo haikuniumiza. Kilichoniumiza ni vile vyote vilivyoizunguka bodi.

Uno hutumia volti 5, ESP32 volti 3.3. Pini ya Echo ya HC-SR04, inayorudisha jibu la kipimo, hutoa volti 5, na huwezi kuzipeleka moja kwa moja kwenye ESP32. Niliweka resista mbili, ya kilo-omu 1 na ya kilo-omu 2, zikashusha hadi takriban 3.3. Hilo ni dogo. Lakini rilei yangu ya volti 5 haikuzima kabisa kwa volti 3.3, ikabidi ninunue nyingine. Na ile bodi ya juu niliyoilehemu kwa mkono ikae sawasawa na pini za Uno sasa iko kwenye sanduku, haina kazi.

Kisha sensa ya udongo. Uno husoma kuanzia 0 hadi 1023, ESP32 hadi 4095, kwa hiyo vipimo vyote nilivyovipata kwa kukausha na kulowesha udongo nilivianza upya. Nilikuwa nimeiunganisha kwenye pini 26, ikasoma vizuri mpaka nilipowasha Wi-Fi. Hapo usomaji ukaharibika. Pini hiyo iko kwenye ADC2, sehemu mojawapo inayogeuza volti kuwa namba, ambayo Wi-Fi huihitaji. Nikahamia pini 34, iliyo nje ya ADC2, tatizo likaisha.

Lililonitesa kuliko yote ni EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Kwanza nilijifunza kwamba kwenye ESP32 lazima uite EEPROM.commit(), la sivyo hakuna kinachohifadhiwa. Baada ya hapo pampu ikakataa kuwaka kabisa, udongo ukapasuka, mchicha ukanyauka. Jioni 3 nilikagua nyaya. Mwishowe nikachapisha kwenye skrini kikomo cha ukavu, yaani namba ambayo usomaji ukiipita pampu huwaka: 1313120. Mimi nilikuwa nimehifadhi 2400!

Sababu ni hii. Kwenye Uno, int (aina ya namba nzima kwenye programu) huchukua baiti 2, kwa hiyo niliandika kikomo kwenye anwani 0 na muda wa pampu, sekunde 20, kwenye anwani 2. Kwenye ESP32 int ni baiti 4. Ile 20 ilikuwa inakalia nusu ya juu ya kikomo changu, na 20 mara 65536, ukijumlisha 2400, ndiyo namba niliyoiona. Kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya bodi, haikulalamika hata kidogo. Tangu siku hiyo naandika int16_t (baiti 2) au int32_t (baiti 4) waziwazi, hata kwenye programu ya mistari kumi.

Je, naipendekeza ESP32? Kama unahitaji Wi-Fi na mradi ni mpya, ndiyo, bila kusita. Kama mradi wako umejaa vifaa vya volti 5, angalia kwanza Uno R4 WiFi ya mwaka 2023: imebaki na volti 5 na umbo lilelile la pini, ingawa int yake pia ni baiti 4. Ningeijua mapema, bodi yangu ya kulehemu huenda ingekuwa bado kazini.

Sasa nasoma tangi nikiwa kitandani, na ninaifurahia sana. Ila saa yangu ya ukutani, ambayo programu yake inagusa moja kwa moja rejista za Timer1, kipima muda kilicho ndani ya chipu ya Uno, nimeiacha kwenye Uno yake.