Polisi wa nje ya zamu mlangoni mwa duka la bangi: bei kubwa, kinga ndogo

Maduka ya bangi ya jimbo la Colorado, Marekani, hushika fedha taslimu nyingi, maana benki nyingi bado zinaiogopa sheria ya shirikisho, inayoiharamisha bangi nchi nzima. Hofu ya wenye maduka si ya kubuni: Juni 2016 mlinzi wa duka moja mjini Aurora alipigwa risasi akafa katika jaribio la ujambazi. Kwa hiyo wengi hutamani polisi halisi, mwenye sare na bastola, alipwe kwa saa akiwa nje ya zamu. Kama kitisho kwa majambazi, huduma hii nzuri. Kisheria ni mbovu, na anayebeba mzigo mkubwa ni polisi mwenyewe.

Tatizo ni ile bastola. Jimbo limeruhusu maduka kuuza bangi ya starehe tangu Januari 1, 2014, lakini chini ya Sheria ya Dawa Zinazodhibitiwa ya 1970 mauzo hayohayo ni biashara ya dawa za kulevya. Kifungu cha 924(c) cha sheria za jinai za shirikisho kinampa anayebeba silaha kwa ajili ya biashara hiyo kifungo kisichopungua miaka 5, akiichomoa kutishia, 7, ikifyatuliwa, 10. Miaka hiyo haitumikiwi sambamba na adhabu ya kosa la msingi, hupandishwa juu yake. Wala si lazima auze hata gramu moja. Kumlinda muuzaji kwa ujira, huku akijua kinachouzwa, kunaweza kujengewa shtaka la kusaidia kosa au kula njama, na polisi ndiye mtu wa mwisho kuaminiwa akisema hakujua.

Wapo wanaotegemea kifungu cha 885(d) cha sheria za dawa za shirikisho, kinachowakinga maofisa wanaotekeleza sheria za dawa. Kulinda kaunta kwa malipo ya mwenye duka si kutekeleza sheria hizo. Wengine hutaja waraka wa Wizara ya Sheria wa Agosti 29, 2013, ulioyalegezea kamba majimbo. Huo ulifutwa Januari 4, 2018, na hata ulipokuwa hai uliorodhesha matumizi ya silaha katika biashara ya bangi miongoni mwa mambo ya kuandamwa. Katazo la bajeti ambalo Bunge lilipitisha Desemba 2014, la kuizuia wizara hiyo kutumia fedha kuzikwamisha sheria za majimbo, linahusu bangi ya tiba tu. Duka lenye leseni mbili, ya tiba na ya starehe, chini ya paa moja litamwambiaje polisi alinde rafu za upande mmoja?

Ni kweli waendesha mashtaka wameyaacha kwa kiasi kikubwa maduka yanayotii sheria ya jimbo. Ila muda wa kushtaki kwa kawaida ni miaka 5, mrefu kuliko muhula wa rais.

Upande wa mwenye duka, soma mkataba kabla ya kutazama sare. Polisi akiumia, fidia inalipwa na nani, wewe au jiji? Akimkamata mteja kimakosa, sare na beji vinaweza kufanya tendo lake lihesabiwe la kiserikali, na kesi ya haki za kiraia ikafunguliwa. Sheria ya Colorado ya 2020 inaweza kumtoza polisi aliyetenda bila nia njema 5% ya fidia iliyoamuliwa au dola 25,000, kile kilicho kidogo zaidi kati ya hivyo viwili. Malipo ya saa za ziada nayo usiyapuuze: mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 10, ya shirikisho, ambayo Colorado imo ndani yake, iliamua kwamba walinzi wa sekta ya bangi wanalindwa na sheria ya shirikisho ya ujira.

Nyota 2 kati ya 5. Fedha hizo zinunulie mlinzi asiye na silaha wa kukagua vitambulisho (Denver hutoa leseni yake ya walinzi), kasiki lenye kufuli la saa, na gari la kubeba fedha linalobadilisha muda wa kufika.

Ukishikilia kumtaka polisi, mwombe kibali cha maandishi cha mkuu wake, na mkataba ufunge na idara badala ya mtu. Asimame nje, barabarani. Asiguse fedha, asikague vitambulisho, asisindikize mzigo. Mlipe kwa hundi yenye kumbukumbu, kamwe si noti za kutoka kwenye droo ya mauzo.