Ulanzi wa Iringa: lita ni ile ile, miili si ile ile

Mvua zikishakolea, kuanzia Kilolo hadi Mufindi, ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi, haukosekani kilabuni, na ubishi nao haukosekani: huyu kamaliza lita nzima na bado anapiga soga, yule nusu lita tu imemlaza kwenye benchi. Wengi husema ni mwili. Mwili una sehemu yake, lakini kwanza tazameni jagi, maana kwa jina moja la ulanzi mnauziwa vinywaji viwili.

Mlanzi, yaani mwanzi unaotoa ulanzi, hukatwa ncha ungali mchanga, ukakwanguliwa asubuhi na jioni kwa takriban wiki moja mpaka uanze kutoa utomvu. Utomvu unakingwa kwenye mbeta, kipande cha mwanzi kinachotumika tena na tena, na ndani yake chachu ya jana bado iko hai. Kwa hiyo uchachu huanza kabla mgema hajarudi shambani. Ulanzi wa saa za mwanzo ni mtogwa, mtamu, kileo kidogo. Ukilala usiku mmoja au miwili unakuwa mkangafu: mchachu, unatoa viputo, kileo kinafika kama asilimia 5. Kwa utamu, mtogwa wa asubuhi wa Kilolo tunaupa alama zote, ila si maji ya matunda, na tabia ya kuwapa watoto kikombe "kwa sababu ni mtamu" haifai.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; wa vilabuni hulitia bila hata kusifiwa. Ulanzi usio na utamu wala uchachu umeongezwa maji, na kama maji hayo hayakuchemshwa, kuharisha kwa kesho yake kusisingiziwe pombe. Mbaya zaidi ni mkangafu uliotiwa sukari. Ulimi unasema mtogwa, kichwa kinasema vingine. Unaujua kwa harufu: utamu uko mdomoni, lakini pua inapata ukali wa siki. Huo urudisheni.

Sasa mwili. Lita moja ya mkangafu wa asilimia 5 ina kileo safi gramu 40 hivi, sawa na bia mbili za mililita 500. Kileo husambaa kwenye maji ya mwili, si kwenye mafuta. Mwanamume wa kilo 75 akiinywa kwa mkupuo, damu yake inaweza kukaribia gramu 0.8 kwa lita. Mwanamke wa kilo 55, lita hiyo hiyo, inakaribia 1.3. Uzito mdogo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji kidogo zaidi kwa kila kilo, na tumbo lake huvunja kileo kidogo zaidi kabla hakijaingia kwenye damu. Kwa hiyo mke na mume kushindana jagi kwa jagi si mashindano ya haki.

Ini nalo halikimbizwi. Kwa mtu mzima wa kawaida linaondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, maana yake lita hiyo inahitaji saa nne mpaka sita. Kahawa, maji baridi au supu haviongezi kasi. Kinachosaidia ni kula kabla: ugali na maharage au nyama huchelewesha kileo tumboni, kikaingia kwenye damu polepole. Aliyetoka shambani na njaa akianza na jagi, anapigwa mapema.

Ini hubadili kileo kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, kisha vimeng'enya vingine vikaifanya isiyo na madhara. Wageni wengi kutoka China, Japani na Korea wamerithi kimeng'enya dhaifu cha hatua hii ya pili, ndiyo maana huwaka uso na moyo kuwaenda mbio kwa kikombe kimoja. Huku kwetu urithi huo ni nadra. Mtu wa hapa akipata dalili hizo, aulizwe dawa anazotumia. Anayemeza metronidazo hushauriwa asiguse pombe mpaka amalize dozi na siku chache zaidi. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi yuko kwenye hatari kubwa kuliko wote: sukari yake inaweza kushuka saa kadhaa baada ya kunywa, na walio karibu wakadhani kalewa tu.

Na lile la kunywa ili kupata joto, hasa Mufindi kwenye ukungu? Ngozi inapata joto kwa sababu mishipa imetanuka, na joto la ndani linatorokea hapo hapo. Aliyelewa akalala nje usiku wa baridi anaweza kufa.

Kwa wanaobeba: dumu lisijazwe mpaka shingoni na kifuniko kisikazwe, gesi italivimbisha hadi lipasuke. Tena mtogwa ulionunuliwa Ilula asubuhi na mapema, ukipanda basi la Dar kwenye joto la mchana, jioni unashuka ukiwa tayari unaelekea kuwa mkangafu. Mwambieni anayeupokea kabla hajajimiminia kama juisi.