TAHADHARI: Konveta za betri za jamaa mmoja wa Kariakoo zinaua simu

Wadau, naandika damu ikichemka. Simu ya uwakala ya shemeji imeungua, na aliyeiunguza ni muuzaji wa Kariakoo anayejiita fundi, aliyeniuzia konveta ya kutoa umeme wa betri volti 12 kuushusha hadi 5. Elfu kumi na nane nimemhesabia mkononi.

Shemeji ana banda la uwakala wa kuweka na kutoa hela kwa simu, na tulishahamia kwenye sola. Panel ipo, betri ya N70 ipo, kilichobaki ni kuchaji simu za kazi moja kwa moja bila kuwasha inveta.

Sasa sikilizeni jinsi yule mtu anavyofanya kazi. Nilipofika hakukimbilia kuuza. Aliniuliza betri N ngapi, panel wati ngapi, waya kutoka kwenye betri mpaka mezani una urefu gani. Maswali ya fundi kabisa. Nikamwonyesha vile vidude vya kuchomeka kwenye gari, akavisukuma pembeni: "Hivi achana navyo kaka, vinadanganya, vitakuulia simu." Nikataka kuchukua ya ampea 10, akanikatalia: "Usipoteze hela yako, hii ya ampea 3 inakutosha na chenji inabaki." Niambieni, muuzaji anayekataa hela yako utaachaje kumwamini?

Kisha akavuta betri kutoka chini ya meza. Akabana klipu nyekundu, akabana nyeusi, akagusisha ncha za mita upande wa pili. Mita ikasoma 5.08. Akanigeuzia nisome mwenyewe. Akachomeka kitaa kidogo cha USB, kikawaka, namba kwenye mita haikucheza. Halafu akanishika mkono, akaulaza juu ya ile konveta: "Gusa. Baridi kama maji ya mtungi." Na kweli ilikuwa baridi. Kiboksi cheusi kimejazwa gundi, pembeni kimeandikwa 3A, 15W kwa herufi nyeupe zilizonyooka. Risiti akaniandikia kwa kalamu, eti mashine ya EFD haina mtandao.

Jioni na asubuhi tulichaji kasimu kadogo, hakuna shida. Siku jua lilipokuwa kali, saa saba mchana, betri inachajiwa na imepanda volti 14 na ushee, shemeji akachomeka simu mbili pamoja, ya uwakala ikiwemo. Mzee mmoja wa mtaani akaja kuweka hela. Ameshakabidhi noti, shemeji ameshazihesabu, anabonyeza namba ya siri, simu ikazima. Hapohapo ikaja harufu ya plastiki, kiboksi kimevimba ubavuni. Mzee hajapata ujumbe, hela yake iko mezani, akaanza kupaza sauti kwamba anaibiwa. Watu wakajaa. Shemeji, mwenye jina safi mtaa mzima, anamrudishia mtu noti zake huku analia na watu wanamtazama kama tapeli. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko simu.

Fundi wetu aliipasua ile konveta kwa kisu cha moto. Ndani ya ile gundi yote kuna IC moja ya 7805, kidude cha bei rahisi cha kushusha volti, na vikapasita viwili, basi. Hakuna koili, ambayo konveta ya kweli lazima iwe nayo, hakuna bati la kupoozea. 7805 haibadilishi umeme, inauchoma unaozidi uwe joto. Ukiingiza volti 14 na kutoa 5, zile 9 zote zinageuka moto: kwa ampea moja tu simu inapata wati 5, kiboksi kinachemka kwa wati 9. Yenyewe mwisho wake ni ampea moja au moja na nusu, tena ikiwa imefungwa bati. Ampea 3 haijawahi kuzitoa tangu izaliwe. IC halisi ikizidiwa joto hujizima. Hii feki ilipitisha volti 14 zote kwenye simu.

Nikamrudishia yule muuzaji. Mbele ya wateja akacheka, akasema nimegeuza waya, "mali ikiuzwa hairudi." Na konveta zilezile bado anazipanga mezani!

Mtu huyu afungiwe. Asiambiwe tu arudishe hela, afungiwe duka na mzigo wote uteketezwe, maana anajua anachofanya. Anapima na kitaa makusudi kwa sababu kitaa hakivuti kitu, konveta itabakia baridi hata ukikaa nayo dukani mpaka jioni. Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia, na TRA wamuulize hiyo EFD yake. Mtu wa hivi akiachwa, kesho atamuuzia mwenye kamera za ulinzi, keshokutwa mwenye zahanati.

Mkienda kununua kokote, mpimieni na mzigo wa kweli: rezista ya omu 5, wati 10, inavuta ampea moja, iachwe dakika kumi. Pimeni pia ampea zinazoingia kutoka kwenye betri. Konveta ya kweli ikitoa ampea moja ya volti 5, kwenye betri ya 12 inavuta karibu nusu ampea. Ikivuta moja ileile, ni 7805, ondokeni. Kikiwa chepesi sana mkononi, jiulizeni koili iko wapi. Na fyuzi upande wa betri msiache.

Mwenye risiti yake ya kalamu kama yangu anitafute tuongozane Tume. Konveta iliyopasuliwa ninayo, simu iliyoungua ninayo, na fundi amekubali kuja kueleza alichokikuta ndani.