Dodoso la STEPS: presha limeipatia, viungo limeviacha

STEPS ni mfumo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kufuatilia magonjwa yasiyoambukiza, kwa kawaida kwa watu wa miaka 18 hadi 69. Una hatua 3: maswali, vipimo vya mwili, kisha maabara.

Ubora wake uko kwenye mpangilio. Kabla ya kumuuliza mtu kama aliwahi kuambiwa ana shinikizo la damu, dodoso huuliza kama aliwahi kupimwa. Wengi wanaojitungia madodoso huliruka swali hilo, na hapo ndipo takwimu huharibika. Tuseme mmehoji watu 1,000. 400 hawajawahi kupimwa, 90 waliambiwa wana presha. Ukigawanya kwa wote unapata asilimia 9. Kwa waliopimwa, 15. Hakuna kati ya hizo inayotaja ukubwa wa ugonjwa, kwani zote zimechanganyika na suala la nani hufika kwa mhudumu. Kwa maswali matupu, penye huduma duni huonekana pana afya tele!

Swali la dawa hugusa wiki 2 zilizopita. Mwombeni mhojiwa alete pakiti zenyewe, maana anayetumia dawa huhesabiwa mgonjwa hata kipimo chake kikiwa chini ya 140/90, kikomo cha presha ya juu.

Hatua ya pili haisamehe haraka. Mhojiwa apumzike dakika 15, apimwe mara 3 kwa kupishana dakika 3, mchukue wastani wa vipimo 2 vya mwisho. Mkono wenye mzunguko unaozidi sentimita 32 unataka mkanda mkubwa. Mdogo husoma juu kuliko hali halisi. Msimpime kabla ya maswali kwisha: akishaona namba, majibu hugeuka.

Kwenye moyo dodoso limelegea. Shambulio la moyo, maumivu ya kifua na kiharusi vimefungwa katika swali moja, na huwezi kuvitenganisha baadaye. Kisukari cha ujauzito nacho hakitengwi. Ongezeni swali lenu.

Pumu na maradhi ya viungo hayamo kabisa katika maswali ya msingi. Kwa hayo, utafiti wa SAGE kuhusu uzee na afya ya watu wazima, wa WHO pia, umefanya vizuri zaidi kwa kuuliza dalili: kifua kutoa mlio kama wa filimbi wakati wa kupumua ndani ya miezi 12, au maumivu au uvimbe wa viungo usiotokana na jeraha, uliodumu zaidi ya mwezi. Mkiazima maswali hayo, wekeni "aliambiwa" na "ana dalili" katika safu mbili tofauti za data.