Kliniki ya akili nyota 5, maabara nyota 2 na nimewaonea huruma

Huu mwaka wa pili nampeleka mdogo wangu kliniki ya afya ya akili, hospitali ya serikali. Ana baipola (ule ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana), anatumia dawa ya lithiamu ya kuzituliza. Upande wa kliniki kwakweli sina neno. Nesi wa pale anaongea na yeye mwenyewe, sio kunigeukia mimi kama vile mgonjwa hayupo, akiingia tu anamwambia nyoosha mikono tuone, anaangalia vidole kama vinatetemeka, anauliza usingizi, kuharisha, na kama kameza dawa yoyote ya maumivu. Hapo ndo nikajua hizi ibuprofeni tunazomeza kama pipi zinapandisha lithiamu kwenye damu, miaka yote nilikua nampa mimi mwenyewe akiumwa kichwa!

Sasa shuka maabara. Kipimo cha lithiamu damu inatolewa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, yani akimeza saa 2 usiku atobolewe saa 2 asubuhi, na dozi ya asubuhi isubiri kwanza. Lakini foleni ni moja, wajawazito, wa sukari, wa choo na mkojo wote humohumo, tunakuja kufikiwa saa 5. Masaa 15 hayo, namba inasoma chini, daktari asipojua anaweza akaona dozi ndogo akaongeza. Na hakuna hata mmoja anaeuliza umemeza saa ngapi.

Mwezi uliopita majibu yakatoka 2.1. Aisee nilikaa chini, maana kuanzia 1.5 kwenda juu tumeshaambiwa ni hatari, halafu mwenyewe huyo hapo anachezea simu, hatapiki, hatetemeki, anacheka. Nesi akaiangalia karatasi, akamuangalia mgonjwa, akashuka na sisi hadi dirishani: damu mliweka kichupa gani? Cha kijani. Kumbe vichupa vingi vya kifuniko cha kijani vina heparini ya lithiamu ndani ili damu isigande, kwahiyo wamepima lithiamu ya kichupa jamani! Ikatolewa upya kwenye chekundu, 0.8. Pole hatukupewa, tuliambiwa fomu haikujazwa vizuri.

Vipimo vya figo na tezi ya thairoidi vya kila miezi 6 hawajawahi kukosea, niseme ukweli. Ila sa hivi saa ya dozi naandika mwenyewe juu ya fomu kwa peni nyekundu, na kabla mkono haujafungwa mpira nauliza kifuniko rangi gani. Wameshaanza kuniita mzee wa kichupa.