Jiko la gesi ya kopo kambini: uzoefu wangu, na kwa nini macho yawe kwenye kopo

Jiko ninalolizungumzia ni lile bapa la plati moja linalouzwa ndani ya sanduku gumu la plastiki, lenye kibanda cha kopo ubavuni mwa moto. Makopo yake ni marefu na membamba kama ya dawa ya mbu ya kupuliza, na ndani mna gesi ya butani, kwa kawaida gramu 220 hadi 250. Nimelipikia pwani, nyikani na kwenye baridi ya nyanda za juu. Kwa watu wawili hadi wanne ni jiko zuri sana, na ni salama ilimradi joto lisirudi kwenye kopo. Moto wenyewe mtu anauona na anauogopa. Kopo limefichwa chini ya kifuniko, ndiyo maana husahaulika.

Kibandiko cha tumboni kinasema kilowati 2.2, na gramu 160 za gesi kwa saa moto ukifunguliwa wote. Nimehakikisha kwa mizani ya jikoni na haidanganyi: lita moja ya maji, sufuria yenye mfuniko, pasipo upepo, huchemka kwa dakika tano na nusu hivi na kula gramu 15. Kopo la gramu 220 basi linakupa kama saa moja na dakika 20 za moto mkali, au siku mbili za chai, mboga na wali kwa watu wawili ukipika kwa akili. Usipofunika sufuria, au upepo ukiwa unapiga, hesabu hiyo inavunjika vibaya. Kujua gesi iliyobaki ni rahisi: pima kopo jipya, toa gramu za gesi zilizoandikwa ubavuni, andika jibu kwa kalamu ya wino mzito chini ya kopo. Huo ndio uzito wa kopo tupu; ukilipima tena baadaye, kinachozidi hapo ndicho gesi iliyobaki. Kutikisa kopo na kusikiliza hakukwambii kitu cha maana.

Kupachika kopo kunachukua nusu dakika, lakini kila hatua ina sababu yake. Swichi iwe imefungwa kabisa na mkono wa kufungia uwe juu. Toa kofia ya plastiki, pangusa mdomo wa kopo kwa kitambaa kikavu, maana punje ya mchanga ikikaa kwenye mpira inatosha kuvujisha. Kwenye ukosi wa chuma utaona pengo dogo, kama jino lililong'oka. Pengo hilo litazame juu, liingiliane na ulimi wa chuma ulio kwenye kibanda. Ndani ya kopo mna kamrija kaliyopinda; pengo likiwa juu, mdomo wa kamrija unabaki kwenye mvuke, juu ya gesi ya kimiminika. Kopo likigeuka, kamrija kanazama, kimiminika kinakwenda chenyewe kwenye moto, na badala ya mwali mfupi wa bluu unapata mwali mrefu wa njano unaoruka kando ya sufuria. Baada ya hapo shusha mkono wa kufungia taratibu mpaka ukae. Ukikataa, usiulazimishe: toa kopo, tazama pengo, anza upya.

Kabla ya kuwasha, sikiliza na unuse. Ukisikia mfoko mwembamba au harufu ya gesi, inua mkono, toa kopo, uliweke mbali, pawe na hewa. Ukiwa na shaka, paka povu la sabuni mahali kopo linapoungana na jiko. Mapovu yanayokua ni uvujaji. Mara nyingi kosa liko kwenye mpira wa duara uliokauka au kuchanika. Usitumie kiberiti kutafuta uvujaji hata siku moja. Butani ina uzito karibu mara mbili ya hewa, haipandi juu ikapotea. Inatambaa chini, inakaa shimoni, kwenye kikalio cha jiko na chini ya turubai. Kwa sababu hiyohiyo, kiwashio kikigoma mara tatu, funga swichi, subiri dakika mbili gesi itawanyike, ndipo ujaribu tena. Beba na kiberiti: kiwashio cha jiko langu hakipendi unyevu, na asubuhi yenye umande hukwama.

Sasa chapati, kwa sababu hapo ndipo jiko hili linapotumiwa vibaya kwetu. Kutoka katikati ya moto hadi ukingo wa kifuniko cha kopo, kwenye jiko langu, ni sentimita 13. Sufuria ya sentimita 24 ina nusu yake ya 12, kwa hiyo inaishia kabla ya kopo. Kikaango cha chuma kizito cha chapati chenye sentimita 30 kinavuka na kukaa juu ya kopo kama paa la bati juani. Chuma hicho hukaa na joto dakika 40 mfululizo, kikilimwaga chini moja kwa moja. Butani kwenye nyuzi 20 ina mgandamizo wa baa 2 hivi (baa ni kipimo cha mgandamizo). Ikifika nyuzi 50 inakaribia baa 5, na 50 ndiyo kiwango ambacho makopo yenyewe yameandikwa yasivuke. Pilau la watu kumi kwenye sufuria pana lina hatari ileile, na mawe ya kuchomea nyama pia. Kuweka majiko mawili sambamba chini ya sinia moja ni kubaya zaidi, kwa kuwa kila moto unachoma kopo la mwenzake. Na wali wa kupalia makaa juu ya mfuniko usiupike hapa: kaa moja likidondoka, linadondokea kibanda cha kopo.

Kipimo changu ni kiganja. Kila dakika kumi naweka kiganja juu ya kifuniko cha kopo. Kikiwa cha baridi au vuguvugu, naendelea. Kikiwa cha moto kiasi cha kuondoa mkono, nazima, natoa chombo, nangoja kipoe. Majiko mazuri yana kinga inayolisukuma kopo nje na kukata gesi mgandamizo ukizidi. Moto ukizimika ghafla na mkono wa kufungia ukaruka juu wenyewe, jiko limekuokoa. Wengi huona ni hitilafu na kuurudisha chini palepale. Usifanye hivyo. Ngoja kopo lipoe kabisa, kisha tafuta kilicholipasha. Wakati wa kununua, jiko lisilo na kinga hii liache dukani, hata likiwa nusu bei.

Chanzo kingine cha joto ni sisi wenyewe tunapokimbiza upepo. Mtu anazungushia jiko mabati, mawe au karatasi ya alumini pande zote, moto unatulia, chai inachemka, na kopo linaokwa. Karatasi ya alumini iliyotandikwa kwenye kikalio ili kudaka mafuta nayo inarudisha joto chini na kuziba hewa. Ninavyofanya mimi: nageuza jiko ili upepo utokee upande wa kopo kuelekea motoni, hivyo mwali unasukumwa mbali na kopo, halafu naweka kinga upande mmoja tu, hatua moja kutoka jikoni. Boksi la vyombo au gurudumu la gari linatosha, mradi gari limezimwa na hakuna mafuta yanayovuja. Chini pawe tambarare na pagumu: ubao, jiwe bapa, au udongo uliofyekwa nyasi kavu mita moja na nusu kila upande. Kwenye mchanga wa pwani ubao ni lazima, la sivyo miguu inazama upande mmoja na kopo linalala kwa mteremko.

Ugali unahitaji neno lake. Jiko halifiki hata kilo mbili, na kusonga ugali mgumu ni kazi ya mabega. Sufuria inazunguka na jiko linafuata. Nasonga ugali wa watu watatu, si zaidi, kwenye sufuria fupi yenye kitako bapa, na mtu wa pili anaishika kwa vishikio viwili. Ukiwa peke yako, koroga uji mzito motoni, kisha shusha sufuria chini na umalizie kusonga hapo, urudishe kwenye moto mdogo uive. Maharage yachemshe nyumbani kabla ya safari, maana kuyaanza makavu kwenye gesi ya kopo ni kuteketeza makopo mawili kwa mlo mmoja.

Ndani ya hema jiko hili lisiwashwe, hata mvua inyeshe vipi, wala ndani ya gari. Si kwa ajili ya turubai kushika moto tu. Hewa ikipungua, moto unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu akidhani ni uchovu wa safari. Akilala, huenda asiamke. Kufungua zipu kidogo hakutoshi. Mvua ikinyesha, funga turubai juu sana, pande zikiwa wazi, upike hapo chini ukiwa umesimama karibu. Kuotea moto kwa jiko hili usiku, usithubutu.

Udhaifu wake mkubwa ni baridi. Butani huchemka kwenye karibu nyuzi sifuri, kwa hiyo hewa ikikaribia sifuri kopo limejaa na gesi haitoki. Si lazima ufike huko. Gesi inapogeuka mvuke hujichukulia joto kutoka kwenye kopo lenyewe, ndiyo maana baada ya robo saa ya moto mkali unaona jasho la umande kwenye bati, pale pale kimo cha kimiminika kilipo, na mwali unaanza kusinyaa. Ukingoni mwa Ngorongoro, kwenye zaidi ya mita 2,300, asubuhi inakuwa ya nyuzi chache tu, na maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Mchele unachukua muda zaidi wakati jiko lenyewe limedhoofika. Dawa ni kulala na kopo ndani ya blanketi, likiwa limetolewa jikoni na kofia yake imefungwa, na kupika kwa moto wa kati. Wanaolikalisha kopo kwenye maji ya moto au karibu na makaa wanacheza na hatari ileile ya mgandamizo. Kwa Kilimanjaro au Mlima Kenya nisingelibeba kabisa. Kule panafaa jiko la kuskurubu juu ya kopo lenye mchanganyiko wa isobutani na propani, gesi zinazotoka hata kwenye baridi kali.

Hilo linanileta kwenye makopo yaliyokwisha kutumika, yakajazwa upya gesi ya mtungi wa nyumbani, yanayouzwa kwa bei ya chini. Gesi hiyo huwa na propani, na propani kwenye nyuzi 20 ina mgandamizo karibu mara nne ya butani. Kopo jembamba la bati halikutengenezwa kwa ajili hiyo, na vali yake ni ya matumizi ya mara moja. Likijazwa mpaka juu bila nafasi ya mvuke, joto la mchana tu linatosha kulipasua. Kopo lenye mikwaruzo kwenye ukosi, kofia isiyo yake, au uzito usiolingana na maandishi, lirudishe kwa muuzaji.

Usafiri nao una mambo yake. Kopo litoke kwenye jiko kabla ya safari, hata ya nusu saa. Gari lililofungwa kwenye jua la Dodoma au la Voi huvuka nyuzi 50 kwa urahisi, kwa hiyo makopo yakae chini, kivulini, ndani ya boksi lisilo na vitu vizito juu yake. Kwenye ndege hayaruhusiwi, si mkobani wala kwenye mzigo wa chini, nunua ukifika.

Kwa wa pwani: chumvi inakula kopo kwenye mshono wa chini na jiko kwenye skrubu za miguu. Kopo lenye kutu inayotoa unga ukipitisha kidole, usilipachike. Mwali wenye vidoti vya rangi ya chungwa kando ya bahari kwa kawaida ni chumvi tu. Mwali wa njano unaoacha masizi kwenye sufuria ni jambo jingine: uji au mchuzi umefurika ukaziba matundu ya moto. Jiko likipoa, toa kopo, sugua kichwa kwa mswaki mkavu, toboa matundu ya pembeni kwa kijiti cha kuchokolea meno, na usiguse kitundu kidogo cha kutolea gesi chini ya kichwa. Kikipanuliwa hata kidogo, moto hautakuwa sawa tena.

Kopo likiisha, liache liwake mpaka mwali ufe wenyewe, kisha ulitoe na urudi nalo nyumbani. Mashimo ya taka ya kambi nyingi huchomwa moto, na kopo linaloitwa tupu bado lina mvuke wa kutosha kupasuka usoni mwa anayechoma.