Suti ya triathloni ya mtumba: tathmini baada ya misimu miwili

Suti niliyoinunua katika soko la Karume kwa shilingi 15,000 haina jina. Aliyeivaa mwanzo aliikata lebo kabla ya kuitoa, na nembo iliyokuwa kifuani imebanduka ikabaki alama ya gundi, kwa hiyo msomaji anayetaka kujua kampuni iliyoitengeneza atanisamehe. Muuzaji aliinadi kama nguo ya kuogelea. Mimi niliitambua kwa sponji yake nyembamba ya makalioni, zipu ya mbele na mifuko miwili midogo ya mgongoni, mambo matatu ambayo ni nadra kuyakuta pamoja katika nguo isiyokuwa ya triathloni. Wakati huo nilikuwa na miezi minne ya mazoezi, nikiogelea, nikiendesha baiskeli na kukimbia kwa taiti ile ile na fulana ya pamba.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu, mshiriki huogelea, hupanda baiskeli, kisha hukimbia, na saa haisimami tangu anapoingia majini hadi anapovuka mstari wa mwisho. Mbio fupi ambazo wengi wetu huanza nazo ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia; umbali wa Olimpiki ni mara mbili ya huo, na ndio walioushindania wanawake mjini Sydney mwaka 2000, siku moja kabla ya wanaume, triathloni ilipoingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Dakika za kubadilisha nguo huhesabiwa kama dakika nyingine zozote, na kanuni haziruhusu mtu kubaki uchi katika eneo la baiskeli, kwa hiyo nguo moja inapaswa kufanya kazi zote tatu. Suti nene za mpira zinazoonekana katika picha za Ulaya hazituhusu. Bahari ya Dar es Salaam hubaki karibu na nyuzi 25 hata katika miezi ya kusi, joto ambalo lingemchemsha mtu ndani ya mpira, na kanuni za kimataifa zenyewe huzipiga marufuku suti hizo kwa wasio wanariadha wa kulipwa maji yanapopita nyuzi 22 katika umbali mfupi kama wetu.

Nianze na majini, kwa kuwa ndiko nilikokuwa na hofu. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 34, katika bwawa, na ilinichukua muda mrefu kabla ya kuthubutu kwenda Coco Beach, ambako mtu huogelea maji yakiwa yamejaa tu, kwani yakipwa hubaki miamba ya kuchana miguu. Fulana ya pamba hunywa maji ikawa nzito, ikapanda hadi kwapani na kunifanya nisimame kila mara kuivuta. Suti hii haipandi. Kitambaa chake cha nailoni kinachonyumbuka hushika mwili kuanzia mabegani hadi katikati ya mapaja, na mkono unapozunguka hauhisi kuvutwa begani. Haielei, wala haikunipunguzia woga wa kutoiona sakafu ya bahari. Woga huo uliondolewa na mwalimu mvumilivu na asubuhi nyingi. Kasoro yake majini ni mifuko ya mgongoni, ambayo hufunguka midomo na kujaa maji kama vikombe, nami nililazimika kushonea kishikizo kidogo kila mmoja.

Kwenye baiskeli ndiko nguo hii inakoonyesha akili ya aliyeibuni, na pia mipaka yake. Sponji ya kaptula ya kawaida ya baiskeli ni nene, na mtu akiingia nayo baharini hutoka amevaa kitu kama nepi ya mtoto iliyolowa. Sponji ya suti hii ni nyembamba kama kitambaa cha blanketi, hukamuka yenyewe katika dakika chache za kwanza, na kwa kilomita 20 sikuwa na lalamiko lolote. Kwa safari ndefu ni habari nyingine. Nilipoivaa Barabara ya Bagamoyo alfajiri ya Jumapili, tukiwa tumetoka kabla malori na daladala hazijaamka, kilomita 30 zilipita vizuri, na kuanzia ya 40 nilikaa kwa ubavu, mara wa kulia mara wa kushoto, mpaka nyumbani. Tangu hapo mazoezi marefu nayafanya kwa kaptula yenye sponji nene na suti naiweka kwa ajili ya mashindano na mazoezi mafupi ya kuunganisha baiskeli na mbio.

Urefu wake ulinisumbua zaidi ya sponji. Paja la suti liliishia mahali ambapo mimi, niliyelelewa Tanga na bibi aliyekuwa hatoki uani bila khanga mbili, sikuweza kutembea mbele ya watu bila kujishikashika. Nilimpelekea fundi cherehani wa mtaani aongeze vipande vya sentimita 12. Alishona vizuri kwa macho, ila kwa mshono ulionyooka na uzi wa kawaida, na siku ya kwanza nilipoinua mguu kupanda baiskeli mshono wote wa kulia uliachia kwa sauti iliyosikika. Kosa lilikuwa langu vile vile, kwani sikumwambia kwamba kitambaa hicho huvutika karibu mara mbili ya urefu wake. Fundi wa pili, anayeshona taiti na nguo za mazoezi, aliufumua mshono, akapitisha ovaloki na kumalizia kwa zigizagi, kwa shilingi 8,000, na hadi leo haujaachia. Anayetaka suti ndefu zaidi kwa ajili ya stara aanzie kwa fundi wa aina hiyo.

Katika kukimbia hakuna mengi ya kusema: hukauka upesi, haichezi, na haijanichubua mapaja hata mara moja, jambo ambalo taiti zangu zilishindwa. Sidiria ya michezo bado inahitajika ndani yake, kwa sababu kitambaa cha kifuani hakitoshi kumshikilia mwanamke aliyenyonyesha watoto wawili. Palipochubuka ni shingoni, kwenye kisiki cha ile lebo iliyokatwa, ambacho kikichanganyika na chumvi ya bahari hukwaruza kama msasa. Mafuta ya mgando yalimaliza tatizo, na yalinifundisha jambo lingine siku ya mashindano yangu ya kwanza: nilijipaka hadi mikononi kwa moyo mkunjufu, na mwandaaji aliyekuja kuniandika namba kwa kalamu ya wino hakuweza kuandika hata tarakimu moja.

Kuna suala ambalo tathmini zilizoandikwa na wanaume hulipita kimya, nalo ni choo. Suti ya kipande kimoja ikilowa haivuliki kwa urahisi, na saa moja kabla ya mbio kila mtu yuko kwenye foleni ya choo. Zipu ya mbele inayoshuka hadi kitovuni huokoa, kwa sababu naweza kuyatoa mabega bila msaada na kuyarudisha bila kumwita mtu. Siku za hedhi pia nimeivaa. Rangi yake nyeusi na kubana kwake vilinipa utulivu ambao sikuutegemea. Wapo wenzangu wanaopendelea vipande viwili kwa sababu hiyo hiyo ya choo, na siwapingi, ingawa nimeona kipande cha juu kikiwapanda majini kama fulana yangu ya zamani.

Naisuuza kwa maji baridi kila nikitoka baharini na kuianika kivulini. Kwenye bwawa siivai tena, kwani klorini hula lastiki, na tayari ukingo wa paja la kushoto umeanza kulegea. Mdogo wangu, aliyeanza mazoezi mwaka huu, amenitumia picha ya suti nyingine aliyoikuta Karume, mpya zaidi ya yangu, yenye lebo yake, kwa shilingi 20,000. Zipu yake iko mgongoni na ina kamba ndefu ya kuivuta. Nimemwambia aijaribu palepale juu ya nguo zake, aivae na kuivua peke yake bila kusaidiwa na muuzaji, na akishindwa airudishe kwenye fungu.